Mikono Themanini ya Kushoto

Fundi aliyekuwa akishona mikono ya makoti hakupiga kelele. Alikuwa na pini sita midomoni, kama kawaida yake, na ndiyo maana karakana nzima ilimwita Pini. Alishona mkono wa kushoto wa koti la kwanza, akavuta mkono mwingine kutoka kwenye rundo, akaupachika begani, akaugeuza, akaugeuza tena. Akachukua mwingine. Halafu akazitema pini moja moja kiganjani, akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Shoga," alisema kwa sauti ya chini, "hebu njoo unioneshe mimi nimekosea wapi."

Aliyekosea hakuwa yeye.

Mwanamke wa meza ya kukatia walimwita Mama Mkasi, ingawa mkasi wenyewe alikuwa ameuweka kando tangu siku ilipoletwa mashine ya umeme. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye meza ile ile, ndefu kama kibaraza, kingo zake zimelainishwa na tumbo lake mwenyewe. Alipouona mkono alioshika Pini, hakuhitaji kuelezwa.

Koti lina mikono miwili, na yote miwili huchorwa kwa kadibodi moja. Unaiweka juu ya kitambaa, unaizungushia chaki. Unaisogeza, unaigeuza kifudifudi, unaizungushia tena. Huko kugeuza ndiko kunakoufanya mmoja uwe wa kulia na mwingine wa kushoto. Kitambaa chenyewe kilikuwa drili, na drili ina uso na mgongo: usoni kuna mistari myembamba ya mshazari, mgongoni pamefifia, na hakuna mteja atakayekubali kuvaa mgongo nje. Siku ile drili ilikuwa imetandazwa tabaka arobaini. Chaki ilipita juu tu, mashine ikashuka mpaka chini. Kadibodi haikugeuzwa. Makoti arobaini, mikono themanini, yote ya kushoto.

Saa yenyewe aliikumbuka vizuri. Alikuwa amemaliza kuchora mkono wa kwanza simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Ni jirani yake. "Mama yako ametoka getini, nimemrudisha. Ila anauliza basi la kwenda kazini linapita saa ngapi." Mama yake alikuwa hajaenda kazini kwa miaka kumi na moja. Akamjibu jirani, akamshukuru, akakumbuka kwamba dawa za mama zimebaki za siku mbili, akakumbuka bintiye anadai kalamu za rangi za shule, akajiuliza kama jiko la gesi alilizima. Wakati yote hayo yakipita, mkono wake uliisogeza kadibodi mbele, ukachukua chaki, ukachora.

Karakana haina siri. Kabla ya chai kila mtu alikuwa amejua.

"Tuwatafute watu arobaini wenye mikono yote miwili ya kushoto," alisema fundi wa vifungo.

"Mmoja ninaye," akajibu mwenzake wa mbele. "Mume wangu wa zamani, mchukueni vipimo. Yule hata kikombe kilikuwa kinamkimbia."

Watu wakacheka, na Mama Mkasi akacheka nao, kwa sababu usipocheka siku kama hiyo utaitwa mwenye kununa juu ya kuwa mwenye kukosea.

Msimamizi hakucheka. Alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni, mpole, ila upole wake siku hizo ulikuwa umebanwa na watu wa ofisi ya juu.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini drili ya rangi hii imeisha. Mpaka lije jora jingine ni mwezi. Na huko juu wameanza kuuliza kama meza hii ipate mtu mwingine."

"Na mimi?"

"Kuna meza ya kukunja."

Meza ya kukunja ilikuwa karibu na mlango, pale nguo zilizokwisha kushonwa zilipokunjwa na kutiwa mifukoni. Hakuna ubaya katika kukunja. Lakini mtu ambaye akitazama jora anaziona nguo zilizomo ndani yake, ukimpeleka kukunja ni kama umemfunga kitambaa machoni.

"Jora likija utakata wewe," msimamizi akamalizia. "Likiharibika tena, mimi sitakuwa na neno la kukutetea."

Jioni ile alitembea kuelekea nyumbani na mfuko begani. Ndani yake mlikuwa na mikono arobaini ya kushoto, ile isiyokuwa na kazi. Msimamizi alisema itupwe, naye akaiomba. Hakujua ya nini. Pengine hakutaka ilale pale kwenye debe la taka, wapita njia wote wakiitazama.

Hofu yake halisi hakumwambia mtu. Haikuwa hofu ya meza ya kukunja. Mama yake alikuwa fundi, tena fundi wa kukata, na ndiye aliyemfundisha kazi, akiwa na miaka kumi na minne, kwenye meza ya kulia chakula. Alikuwa akimsimamia nyuma, na kabla binti hajagusa mkasi humuuliza, "Umegeuza kadibodi?" Kila mara, hata pale alipoona kwa macho yake kwamba imegeuzwa. Kisha miaka ikapita, na siku moja mkasi wa mama ukapotea. Wakautafuta juma zima. Ukaonekana ndani ya kopo la unga. Walicheka sana siku ile. Baadaye wakaacha kucheka.

Sasa yeye alipoitazama ile mikono themanini aliona kopo la unga.

Akaenda kliniki. Daktari alikuwa msichana ambaye yeye angeweza kumzaa. Alimsikiliza bila kutazama saa, akampa maneno matatu ayashike, kiti, limau, ufunguo, akamtaka achore uso wa saa, akamuuliza tarehe, akamwambia ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Mwishoni akamuuliza yale maneno.

"Kiti, limau, ufunguo. Na hicho kiti chako mguu mmoja unacheza, mwambie seremala."

Daktari akatabasamu. "Mama, akili yako haijapotea. Imetawanyika. Unafanya mambo mangapi kwa wakati mmoja?"

"Leo, au siku za kawaida?"

"Kaa dakika kumi kila siku. Kimya, bila simu. Wengine wanaita taamuli, wewe iite unavyotaka. Hesabu pumzi, moja mpaka kumi, kisha unarudi moja. Ukipotea njiani, unaanza tena moja. Usijigombeze."

"Nikipotea mara ngapi ndiyo nimefeli?"

"Hakuna kufeli."

Alitoka akiwa hajaamini. Katika kazi yake kufeli kulikuwepo. Kitambaa kikishakatwa hakiombwi radhi.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Dakika kumi akazitafuta kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akija nyumbani ni kama mgeni, kwa hiyo siku yote ilikuwa juu yake: kuamka saa kumi na moja, chai, kumwogesha mama, kumvalisha, kumtoa binti kitandani, kumkabidhi mama kwa jirani, kazini, sokoni, dawa, chakula, kufua, kumlaza mama, kumlaza tena mama.

Kwanza alijaribu alfajiri. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akafumba macho. Moja. Mbili. Sukari imebaki ya leo tu. Tatu. Sare ya binti haijanyooshwa. Akainuka kuinyoosha, akasema atamalizia baadaye.

Kisha akajaribu bafuni, mahali pekee penye komeo. Akageuza ndoo, akaikalia. Alikuwa amefika sita mlango ulipogongwa.

"Mama, umekufa humo?" aliuliza bintiye.

"Bado."

"Basi ukiamua unijulishe, maana mimi nimechelewa shule."

Akajaribu kazini wakati wa chakula, kichwa kimeegemea ukuta. Hapo alifaulu kukaa kimya dakika ishirini, ila Pini alimwambia baadaye kwamba alikuwa akikoroma kwa adabu.

Mwishowe akaiandika ile kazi kwenye orodha aliyobandika mlangoni mwa kabati, kati ya kufua na kununua dawa: kukaa kimya. Siku nne mfululizo aliitia alama ya kumaliza. Siku ya tano bintiye alisimama mbele ya orodha, akipiga mswaki, akauliza, "Hii ya kukaa kimya unaifanyaga saa ngapi? Mbona mimi sijakuona hata umekaa?" Naye akagundua kwamba alikuwa akiitia alama asubuhi, kabla ya yote, ili imwondokee.

Wiki tatu zikaisha hivyo. Jora lilikuwa njiani.

Ilikuwa siku ya mapumziko, mchana, jua limeingia dirishani na kukaa juu ya mkeka. Alikuwa na mlima wa nguo za kufua, na alipokuwa akivuta shuka chini ya kitanda ukatoka ule mfuko wa drili. Mama yake, aliyekaa dirishani kama kawaida yake, akanyoosha mkono. Akapewa. Akautoa mkono mmoja wa koti, akaupapasa, akaupindua kutafuta uso wa kitambaa, akaupata kwa kidole gumba kabla ya macho. Akaulaza pajani, akaukunja.

"Moja," alisema. Akachukua mwingine. "Mbili. Tatu. Nne."

Pikipiki ikapita barabarani. Mama akaifuata kwa macho mpaka ikaishia kwenye kona, kisha akarudi kwenye mapaja yake. Akachukua mkono wa tano.

"Moja."

"Ulishafika nne, mama," alisema Mama Mkasi, shuka mkononi.

"Mimi?"

"Wewe. Hiyo hapo minne umeikunja."

Mama akaitazama ile minne kama mtu anayetazama watoto wa jirani. "Basi nne ipo huko huko," alisema. "Haiendi popote. Nitaikuta." Akaendelea. "Mbili."

Mama Mkasi alikaa chini kwenye mkeka kwa nia ya kumsaidia ili kazi iishe, kazi ambayo hata haikuwa kazi. Akachukua mkono, akaukunja, akauweka. Mama akihesabu, naye anakunja. Wakafika sita, mtoto akalia nyumba ya pili, moja. Wakafika tatu, mama akasahau tu, bila sababu, moja. Kila akirudi moja, alirudi kwa sauti ile ile, bila kuguna, bila kujipiga kofi la paja, bila lile neno ambalo Mama Mkasi alikuwa akijiambia mara mia kwa siku: mjinga we. Kwa miaka mitatu binti alikuwa amemsahihisha. Siku, majina, milango. Hakuwahi kukaa akatazama jinsi mama anavyoanza upya.

Wakati fulani akatambua kwamba pumzi yake inakwenda na hesabu. Anavuta wakati mama akitafuta uso wa kitambaa, anatoa wakati akikunja. Sukari ikamjia, akaiona, ikapita na pikipiki nyingine. Moja. Arobaini ilipoisha walikunjua yote, wakaanza tena. Alipoinua macho kuitazama saa ya ukutani, dakika kumi na saba zilikuwa zimepita, na shuka lilikuwa bado kando yake, halijaona maji.

Siku hiyo hakutia alama kwenye orodha. Alisahau, na kusahau huko hakukumwogopesha.

Toka hapo wakawa wanakunja kila jioni, mjukuu akigombana na masomo ya nyumbani chumba cha pili. Lakini jioni ilikuwa ya nyumbani, na hatari ilikuwa mezani. Ndipo akakumbuka jambo ambalo alikuwa akilijua siku zote. Drili iliyokaa kwenye jora imevutwa, imebanwa. Ukiitandaza, lazima uiache ipumzike kabla ya kuichora, la sivyo itajirudi baada ya kukatwa na nguo itatoka fupi. Nusu saa nzima ya kupumzika ilikuwepo katika kila kazi ya maisha yake. Yeye alikuwa akiitumia kukimbia: kutafuta chaki, kumpigia jirani, kulipia tokeni za umeme kwa simu, kunywa chai amesimama. Kitambaa kinapumzika, mkataji anahaha.

Jora lilikuja siku ya nne ya juma. Wakalitandaza yeye na kibarua wa stoo, tabaka arobaini za makoti mapya, uso juu, kingo zikilingana. Karakana ilijifanya haioni. Mama Mkasi akatoa simu kwenye aproni, akaenda kwa Pini.

"Nishikie. Mpaka nimalize kuchora."

"Nimekuwa karani wako?" Pini alisema kupitia pini.

"Akipiga jirani, pokea wewe."

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Msikilize kwanza."

Akarudi mezani. Akavuta stuli, akakaa, akaweka viganja viwili juu ya drili. Macho hakuyafumba, aliyaacha kwenye mistari ya mshazari. Moja. Mbili.

Msimamizi akapita. Akarudi. "Mama, unaliombea jora?"

"Naliacha litulie. Ukilikata likiwa limekasirika, makoti yatakuwa mafupi, mtayavaa nyinyi huko ofisini."

Akasimama kidogo, akatia kalamu mdomoni, akaondoka.

Moja. Mbili. Tatu. Fundi wa vifungo alisema jambo, mtu akacheka. Moja. Meza ya kukunja, pale mlangoni, akaiona. Akaiona vizuri, mpaka mkanda wa gundi uliokaa juu yake. Moja. Kopo la unga. Hilo lilikaa muda mrefu, halikupita na pikipiki yoyote. Akaliacha likae, akahesabu mbele yake. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Simu ikalia kwenye droo ya Pini.

Aliijua ni ya nani. Miguu ilishajikunja kuinuka. Akaisikia droo ikifunguliwa, akamsikia Pini akizitema pini, akamsikia akisema, "Hapana, mimi ni rafiki yake, yupo kazini hapa. Enhe." Kimya. Katika kimya hicho kulikuwa na geti, na barabara, na basi ambalo halipo. Mama Mkasi alibonyeza viganja kwenye kitambaa. Bado alikuwa hajagusa chaki. Kuinuka sasa hakungeharibu koti hata moja. Angeweza kwenda. Hilo ndilo lililomshangaza: kwamba alikuwa akichagua. Kisha Pini akacheka, kicheko kile cha tumboni. "Haya mama, shikamoo. Ndiyo. Ndiyo. Nitamwambia."

Moja.

Dakika zilipokwisha aliinuka, akachukua kadibodi ya mkono, akailaza, akaizungushia chaki. Akaisogeza. Akasimama na kadibodi mkononi, akaigeuza kifudifudi. Akaizungushia chaki. Akainua, akatazama: miwili imetazamana kama watu wanaotaka kukumbatiana. Ndipo akawasha mashine.

Alipokwenda kuchukua simu, Pini alikuwa tayari na pini zake. "Ni mama yako mwenyewe alitaka kuongea. Anauliza ile mikono ya kukunja umeificha wapi. Nimebahatisha, nimemwambia ipo chini ya kitanda. Ipo?"

"Ipo."

"Basi kaipata. Ila ameniita kwa jina la mtu mwingine, nikaitika tu."

"Umefanya vizuri."

Saa tisa koti la kwanza likatoka kwenye cherehani ya Pini. Msimamizi akalivaa palepale, juu ya shati. Akaingiza kushoto. Akaingiza kulia. Akainua mikono yote miwili juu kama mtu anayepekuliwa na askari, na karakana ikampigia makofi, naye akaona haya akaishusha.

"Ipo yote miwili," alisema. Akachukua karatasi ya ratiba ya kazi, akaiweka juu ya ubao, akashusha kalamu kutoka sikioni. "Sasa ile ya kuliombea jora. Huko juu wakiniuliza dakika zile ni za nini, niandike nini?"

"Andika kupumzisha."

"Kupumzisha jora?"

"Andika kupumzisha tu."

Akaandika.

Nyumbani mama alikuwa dirishani, drili mapajani, arobaini imekunjwa na kukunjuliwa mara ngapi hakuna ajuaye. Siku ile alimwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Hilo halikuwa limepona, wala halikuwa la kupona. Mama Mkasi akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Mama akamshika mkono, akavitazama vidole, ncha zake nyeupe kwa chaki. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeona nyumba anayoifahamu.

"Ulikuwa unakata."

"Ndiyo, mama."

"Uligeuza kadibodi?"

"Niligeuza."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akachukua mkono wa koti, akautafuta uso wake kwa kidole gumba, akaukunja. Moja. Mbili. Tatu. Akaacha, akatazama barabara, akarudi. Akaziona tena zile ncha nyeupe.

"Uligeuza kadibodi?"

Binti alivuta pumzi, akaitoa.

"Niligeuza, mama," alisema, kama vile ndiyo kwanza anaulizwa.